Shati la Kijiti

Haya aliniambia fundi cherehani mwenyewe, msimu wa mvua uliopita, tulipolazwa vitanda jirani hospitalini. Alinieleza taratibu, kama mtu anayefumua mshono, nami nayaandika vile vile.

Langoni pa kambi ya jeshi, mlinzi alimvika fundi kibao cha mgeni shingoni. "Nusu saa tu, mama. Ukizidisha, lawama zote ni zangu."

Ndani kulikuwa na mchanga kila mahali, hata kwenye ngazi za ofisi, na nondo za madirisha zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari. Sajini alimpa kiti, akamwekea mezani nguo za mwanawe, askari wa kambi ile: suruali, fulana, shati la magwanda. Zilikutwa ufukweni alfajiri, siku tano zilizopita, mwenyewe hayupo. Walisema aliingia kuogelea, bahari haikumrudisha.

"Alikuwa mtaratibu, mwanao," sajini alisema. "Tazama, hata vifungo amefunga."

Fundi alipitisha kidole kwenye mkunjo. Mikono ya shati ilikuwa imerudishwa mgongoni, kama yeye anavyokunja nguo za wateja. Hakulia. Aliuliza tu, "Yule rafiki yake, Kijiti, naweza kumwona? Nimemletea shati."

Kijiti alikuja nyumbani na mwana wa fundi likizo iliyopita, shati limepasuka kwapani, akala chakula cha watu watatu na kumwita fundi mama mkubwa. "Mama mkubwa, nipime vizuri," alisema, "mimi nimeumbwa kwa vipande vilivyobaki." Fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni, akamwahidi shati jipya.

Sajini alivua kofia.

"Kumbe hawakukwambia. Kijiti ndiye aliyekuwa zamu asubuhi ile. Yeye ndiye aliyeziona nguo. Akapuliza filimbi, halafu hakusubiri mtu. Aliingia majini na buti zake, mama. Na kuogelea alikuwa hajui."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Tulimpata siku ya tatu. Mama yake yupo, amekuja kumchukua."

Aliingia mwanamke mfupi, muuza vitunguu, macho yamevimba. Hakungoja kutambulishwa. Alimwangukia fundi begani.

"Pole, dada yangu."

"Pole na wewe."

"Mimi afadhali, nina cha kuzika. Wewe je?"

Fundi alitoa lile shati la Kijiti kwenye mfuko aliokuja nao, akampa. Mwenzake alilikunjua, akalishika juu kwa mabega yake mawili, kama vile mtu amesimama ndani yake. "Nitamvalisha hili," akasema, akalikumbatia.

Sajini akakohoa, akasukuma karatasi mezani. "Mama, kuna hili. Ukitia sahihi, umekubali kwamba amekufa maji, msako unasimama na faili linafungwa. Usipotia, boti zinatoka tena wiki nzima, na watu wetu watafika mpaka nyumbani kwako kuulizauliza. Ni utaratibu tu."

"Usitie!" Muuza vitunguu alimshika mkono. "Dada, usitie. Wa kwangu bahari ilimtoa, na wako itamtoa. Waache watafute."

Fundi alichukua kalamu.

"Mwanangu amekufa akimtafuta wako! Kuogelea hajui, akaingia. Wewe uliyemzaa, siku tano tu umeshachoka? Una moyo wa namna gani?"

Fundi akatia sahihi, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la tatu.

Muuza vitunguu aliliondoa shati kifuani, akalitazama kama mtu anayetaka kulirudisha. Kisha akalikunja ovyo, akatoka nalo bila kuaga. Nje, lori lenye jeneza lilikuwa linamngoja.

Mlinzi alimvua fundi kibao. "Umewahi, mama. Bado dakika nne."

Fundi alifika nyumbani jua halijazama. Akafunga mlango kwa komeo, akaweka zile nguo alizopewa kambini juu ya cherehani, akapita chumba cha nyuma, penye marobota ya vitambaa, akavuta pazia.

"Wamefunga faili?" sauti iliuliza kutoka nyuma ya marobota.

"Wamefunga."

Mwanawe alishusha pumzi. "Na Kijiti je? Shati limemtosha?"

Fundi aliinama, akajifanya anatafuta sindano sakafuni.

"Limemtosha," alisema. "Limemkaa vizuri."

Mwanawe akacheka, akageukia ukutani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tano, akalala.