Hereni za Kondoo

Tak. Koleo lilibana tena upande wa pili wa ukuta wa jikoni, na nje bado hakujapambazuka. Nikachukua taa, nikaingia zizini, mwanangu nyuma yangu.

Neculai, kaka wa mume wangu, alikuwa amembana kondoo wetu wa mwisho kati ya magoti. Alishamng'oa hereni yetu ya njano yenye namba, akamtoboa upya na kumtia yake. Damu ilishuka shavuni mwa kondoo, nyembamba kama uzi.

"Mkaguzi anakuja asubuhi hii, shemeji," alisema bila haya. "Serikali inatoa pesa za korona kwa kila kondoo."

"Basi wampe mwenye kondoo! Jibini iliyooza soko lilipofungwa ni yangu, si yako."

"Mumeo kakwama Ujerumani anavuna mboga za watu. Nani atakusikiliza wewe?" Akacheka. "Thubutu kusema, uone kama hamtalala nje. Nyumba hii ni ya mama yangu."

Nilimfuta kondoo damu kwa aproni, ikatoka tena.

Kulipokucha mkaguzi akafika na barakoa yake, akawa anainama kusoma hereni moja moja. Kwa yule kondoo wa mwisho akasita.

"Mbona kidonda kibichi?"

"Kajikwaruza kwenye waya, mheshimiwa," alisema Neculai. "Au sivyo, shemeji?"

Wote wawili wakanitazama. Nikaikunja aproni yenye damu.

Mwanangu akanyoosha kidole miguuni kwa Neculai.

"Hereni zetu ziko ndani ya buti la baba mkubwa."