Salamu za Kuwashwa

Zamani mashine kuu ya ofisi ilipowashwa, programu zake ziliamka kila moja kivyake, kama wapangaji wa nyumba moja, na kila fundi wa ofisi alikuwa ameiwekea programu yake salamu. "Mzee wa printa nimeamka!" "Dada wa barua nipo, msinisumbue." Moja ikigoma, nyingine zilichapa kazi kama kawaida.

Mafundi waliondoka, akabaki mmoja.

"Futa hizo mbwembwe," bosi alimwambia. "Weka programu moja iziamshe zote. Pakiharibika, tujue pa kushika."

Leo fundi amemaliza. Anabonyeza kitufe. Feni inavuma, na skrini inatoa neno moja tu: "Tayari."

Fundi anasubiri, kidole kingali juu ya kitufe. Kisha anaandika polepole: "Dada wa barua, upo?"

"Hakuna programu yenye jina hilo," mashine inamjibu.