Kamera ya Chumba cha Eda

Zama hizo nyumba haikulindwa na mlango, ililindwa na macho ya mtaa mzima, kwa kamera iliyofungwa kila chumba. Kamera ikikatika mtandaoni, walinzi waliingia kutazama kulikoni.

Mwanasiti aliibana simu sikioni, jasho likimtiririka. Mama yake, mjane anayekaa eda, asiyetakiwa kuonwa na wanaume wa nje, alijikunyata mkekani.

"Dada, hiyo kamera umeizima ukaiwasha?" aliuliza fundi wa mtandao.

"Mara ngapi, kaka! Haishiki."

"Taa yake rangi gani?"

"Nyekundu."

Hapakuwa na taa yoyote. Waya aliukata mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

Fundi alishusha pumzi. "Dada, huku naona waya umekatwa. Walinzi wako njiani, wote wanaume. Uunge, usimame mbele ya kamera uombe radhi mtaa, niwarudishe."

"Omba tu, mwanangu," mama alinong'ona, huku akijivutia kanga usoni. "Yaishe."

Mlango ukagongwa. Mwanasiti alilisukuma kabati hadi likauziba, akaliegemea kwa mgongo.

"Dada, upo? Niwaambieje?"

"Waambie siombi radhi."