Nyundo Ajifunza Kupumua

Kofi lilimtupa mshonaji chini ya cherehani yake. Akajikunja, mikono kichwani, akingoja mateke. Lilikuja moja tu, tena la pembeni. Mumewe alikuwa ameshika kifua, anahema kama mbwa aliyekimbizwa, mate yanamtoka.

"Unaona unavyonimaliza?" alisema, akikaa sakafuni. "Utakuja kuniua wewe. Nipe maji."

Akampa maji.

Machinjioni walimwita mumewe Nyundo. Kazi yake ilikuwa kumpiga ng'ombe kwenye paji la uso kabla wenzake hawajaingia na visu. Kila ng'ombe alikula nyundo kadhaa, akianguka na kuinuka, huku Nyundo akimtukania mama yake. Wiki hiyo alikuwa amemvunja mfagiaji jino kwa sababu ya aproni. Msimamizi alimwambia akigusa mtu tena, asirudi.

Dada yake Nyundo, nesi, alikuja akaona mdomo wa mshonaji ulivyovimba.

"Wifi, kaka yangu atakuua. Hospitalini kwetu kuna darasa la yoga, la watu wa presha na hasira. Mpeleke."

"Nyundo ajinyooshe kama paka? Atanicheka kwanza, halafu anipige."

"Mwambie ni kwa ajili ya kazi yake."

Mshonaji alimwambia mumewe akiwa amesimama karibu na mlango. Nyundo akakubali. Siku ya kwanza alirudi amenuna. "Wanaume wazima tumelala chali, eti tunapumua. Kwani huku nyumbani nilikuwa sipumui?"

Lakini aliendelea kwenda. Mwalimu alimwambia mkono wake hauna kosa, pumzi yake ndiyo inayokimbia. Aitulize hiyo kwanza, ndipo afanye alilokusudia.

Maneno hayo yalimwingia. Dereva wa lori alipommwagia ndoo ya damu miguuni na kucheka, watu walirudi nyuma. Nyundo alifumba mdomo, akavuta hewa puani, akaiachia mpaka mabega yakashuka.

"Pita, ndugu yangu."

"Jamani, Nyundo kaokoka!" mtu akapiga kelele.

Hata kazi ilimnyookea. Sasa alisimama mbele ya ng'ombe, akapumua, akapiga mara moja. Ng'ombe hakupata hata nafasi ya kulia.

Nyumbani alitandika mkeka wake kila asubuhi. Mdomo wa mshonaji ukapona. Akarudi kuimba akishona, jambo ambalo majirani walikuwa wamelisahau. "Wifi," alimwambia nesi, "umenirudishia mume."

Jumamosi moja Nyundo alirudi mapema, akamkuta mkewe amepiga magoti, anampima mteja wa kiume urefu wa suruali. Mteja alipomwona aliondoka bila hata kuaga. Mshonaji alibaki palepale na utepe wake, akisubiri matusi.

Hayakuja. Nyundo alivua viatu, akaviweka sawasawa ukutani. Akafumba macho. Hewa iliingia puani taratibu, ikatoka taratibu. Mabega yakashuka. Mshonaji naye akajikuta anapumua pamoja naye, akatabasamu.

"Umetulia, mume wangu?"

"Nimetulia kabisa."

Akafunga mlango kwa komeo, akakunja mkono mmoja wa shati, kisha wa pili.

"Lala chini," alisema kwa upole. "Leo sina haraka."