Ngazi za Basi la Shule

Wazazi waliiomba serikali basi la shule kwa miaka mingi, na asubuhi hiyo likaja. Mama mmoja, Sikudhani, alikuwa amechoka hata hakuweza kushangilia. Muda wote huo alimbeba mgongoni binti yake Hidaya, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, na sasa Hidaya alikaribia kumzidi uzito.

Mlango ulipofunguka, Sikudhani aliinama kama kawaida yake.

"Mama, niache nipande mwenyewe," Hidaya alisema.

"Ngazi ziko juu, mwanangu."

"Niache tu."

Akashika chuma cha mlangoni, akajivuta, akapumzika, akajivuta tena. Dereva aliinuka kutaka kumsaidia. Sikudhani akamtikisia kichwa. Mikono ya mama ilibaki hewani nyuma ya binti yake, bila kumgusa, mpaka alipofika kitini.

"Jioni utanikuta hapa hapa," Sikudhani alisema, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Basi likaondoka. Alijaribu kunyoosha mgongo, ukakataa. Akabaki ameinama kando ya barabara, akilitazama basi likiwasha taa ya kukata kona, ingawa barabara nzima ilikuwa tupu.