Taa ya Kijiko cha Mfalme

Katika dola yetu ya Marumbo hakuna anayetia tonge mdomoni kabla Mfalme hajatia lake. Kila jiko lina taa ya kijani iliyounganishwa na kijiko chake, na ikiwaka ndipo tunakula. Sisi wa Chama cha Mila ndio tuliopigania desturi hiyo irudi, na mimi ni katibu wa tawi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mfalme ana miaka themanini na tisa, hana meno wala mtoto. Zamani alikula anapojisikia. Siku moja chakula cha mchana tulikila saa kumi na moja, na mke wangu akaniambia, "Baba Nasra, katafune kadi yako ya chama."

Sasa ni wiki ya pili taa inawaka saa saba kamili. Nilijigamba kwamba tulimwandikia barua na amesikia.

Leo imewaka tena. Mke wangu akapakua wali, kisha akashika mwiko hewani.

"Jana ilikuwa kumbukumbu ya mama yake," akasema. "Siku hiyo Mfalme hufunga mpaka jua lizame. Nyinyi wenyewe ndio mliotufundisha."

"Ndiyo."

"Na taa iliwaka saa saba. Basi kijiko hicho anakishika nani?"

Nikalifikiria tawi letu, na kile kiti tulichomwekea Mfalme pale ofisini, tulichokipaka rangi ya dhahabu juzi tu. Nikanawa mikono polepole.

"Kula, Mama Nasra," nikamwambia. "Mfalme ameshaanza."