Shimo la Marehemu Mkuu

Mnauliza mwizi huingiaje kwenye kompyuta bila kuvunja kitu? Waulizeni panya.

Desturi yao ilikuwa hii: amri ikitoka shimoni mwa mkuu, hutiiwa papo hapo, wala hakuna anayeuliza ni nani amesema. Mkuu akafa. Panya Mwoga akawasihi, "Jamani, tulizibe shimo lake."

Wakamcheka. "Shimo tupu lina meno?"

Chatu akayasikia hayo, akaingia akajikunja humo.

Mvua iliponyesha, shimo likasema, "Maji yanapanda! Nileteeni watoto, humu ni pakavu."

Wakawabeba mbio, wakawatumbukiza mmoja mmoja.

Mwoga akauliza, "Mbona hakuna anayelia?"

Wakasikiliza. Kimya. Kisha shimo likacheua, likasema, "Haya, sasa mama zao."

Na miguu ya akina mama, iliyozoea kutii, ikaanza kwenda.